Jinsi ya kulinganisha Gilgamesh na Achilles (nguvu zao ziache kwanza)

Juzi nimekesha na mdogo wangu kwenye insha yake ya fasihi, shujaa wa Mesopotamia na shujaa wa Ugiriki, na yale yale yaliyonitesa mimi nikiwa chuo yakamkuta na yeye. Basi naandika.

1. Chagua jozi. Gilgamesh wa Mesopotamia na Achilles wa Ugiriki, Odysseus (shujaa mwingine wa Kigiriki) muache apumzike. Hawa wote mama zao ni miungu (Ninsun, Thetis), wote wanafiwa na rafiki (Gilgamesh na Enkidu, Achilles na Patroclus), wote watakufa. Inatosha.

2. Soma tendi zenyewe, sio video ya dakika kumi. Sisi tuliokua na Liyongo na kitovu chake tunakimbilia kisigino cha Achilles, alafu unakuta Iliad, utendi wa Kigiriki wenye habari za Achilles, haina habari ya kisigino, hata kifo chake hakisimuliwi mle.

3. Jua uko kwenye toleo gani la Gilgamesh. Hapa ndo nilipoungua. Insha yangu yote niliijenga juu ya Siduri, yule mama muuza pombe anayemwambia Gilgamesh ale, acheze, aoge, amshike mtoto wake mkono, nikaandika "kibao cha 10" (utendi huu uliandikwa kwenye vibao vya udongo) kwa kujiamini kabisa, mwalimu akarudisha na wino mwekundu: haipo. Na kweli haipo! Maneno yale yako kwenye toleo la kale la Babeli, wakati lile la vibao 12 linalohusishwa na mwandishi wa kale Sin-leqi-unninni, ambalo nakala zake nyingi zilitoka maktaba ya mfalme Ashurbanipal wa Ashuru kule Ninawi, halina. Sasa watafsiri wengine wanaziba mapengo kwa vipande vya toleo la kale na wewe msomaji hushtuki. Kwa hiyo kila nukuu andika toleo, kibao, mstari, hapo hapo, usiseme utarudi, hurudi. Na kibao cha 12 kiogope: Enkidu aliyekufa cha 7 unamkuta mzima, maana ni nyongeza iliyotafsiriwa kutoka Kisumeri. Safari inaishia cha 11, kwenye kuta za Uruk, mji wa Gilgamesh. Ukitaka mzimu wa Enkidu uuweke na wa Patroclus (Iliad, kitabu cha 23) sawa, ila sema wazi umeutoa kwenye nyongeza.

4. Chora safu mbili kwenye daftari, kwa penseli, kompyuta inakufanya ukopi tu. Tafuta tukio moja dogo. Sisi tulichukua msiba. Gilgamesh anazunguka maiti kama simba jike aliyepokonywa watoto (kibao cha 8), Achilles analia kama simba ambaye mwindaji kamuibia watoto (kitabu cha 18). Ukadhani umemaliza, endelea: Gilgamesh anakataa kuzika siku sita usiku saba mpaka funza anadondoka puani mwa Enkidu. Achilles naye anaogopa nzi watazalisha funza kwenye majeraha ya Patroclus, Thetis anamdondoshea maiti ambrosia na nekta (chakula na kinywaji cha miungu) puani asioze. Pua ile ile! Mmoja kaona uozo akakimbia kutafuta uzima, mwingine kakingiwa uozo na anaenda kumuua Hector, aliyemuua Patroclus, huku akijua na yeye zamu yake inafuata. Andikia hapo.

5. Usiandike "Wagiriki waliiga". Wapo wataalamu wanaotetea kwamba hadithi zilisafiri kutoka mashariki, lakini simba wawili peke yao sio ushahidi.

Mdogo wangu kaanza insha na ile pua. Maksi bado.