Mataa ya Makutano: Namna Wakazi wa Mtaa Wanavyoweza Kuyaomba na Kuyapata

Anayesimama saa 12:45 asubuhi pale barabara ya mtaa inapokutana na barabara ya lami yenye njia nne, mahali pengi jijini Dar es Salaam, huona jambo lile lile. Mtoto wa darasa la pili amemshika mkono mdogo wake wa chekechea na anasubiri upenyo. Daladala inasimama kuwapisha, na wanapomaliza kupita mbele yake wanakutana na bodaboda inayoipita daladala hiyo upande wa kulia bila kupunguza mwendo. Wakazi wakiona hayo kila siku husema, "Tuwekewe mataa." Ombi hilo ni la haki kabisa. Hata hivyo, nimeshuhudia maombi ya namna hiyo yakikwama kwa sababu tu yalipelekwa pasipohusika, au yalikwenda bila takwimu yoyote ya kumsaidia mhandisi kuyatetea.

Jambo la kwanza ni kujua barabara ni ya nani. Nchini Tanzania, barabara kuu na barabara za mkoa zinasimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania, yaani TANROADS, ilhali barabara za wilaya, zikiwemo nyingi za ndani ya mitaa yetu, ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini ulioanzishwa mwaka 2017. Makutano mengi yenye matatizo ni mahali ambapo barabara ya mmoja inaingia katika barabara ya mwenzake, kwa hiyo barua iende kwa wote wawili, na kila mmoja aone kwamba mwenzake amepewa nakala. Mtaani kwetu tuliandika barua ya kwanza kwa ofisi moja tu, na baada ya miezi saba tukajibiwa kwamba barabara ile haikuwa yao. Mtendaji wa mtaa au wa kata kwa kawaida anajua mgawanyo huo, na kumuuliza kunachukua dakika tano.

Jambo la pili, ambalo ndilo ninalolipa uzito kuliko yote, ni kuhesabu. Mhandisi hafungi mataa kwa sababu watu wamekasirika. Hutazama wingi wa magari, wingi wa watu wanaovuka, na historia ya ajali. Wakazi wanaweza kumwanzishia kazi hiyo kwa daftari na kalamu. Chagueni siku mbili za kawaida katikati ya wiki, zisizo sikukuu wala likizo ya shule, na kama kuna gulio Jumamosi, ongezeni siku hiyo. Hesabuni kuanzia saa 12:00 hadi saa 3:00 asubuhi, kisha mchana wanafunzi wanapotoka, kisha saa 10:00 jioni hadi saa 1:00 usiku. Kila mtu ashike upande mmoja tu wa makutano, agawanye ukurasa kwa robo saa, na atenganishe magari madogo, daladala, malori, bajaji na pikipiki. Kila chombo kinachopita kichorewe kijiti kimoja; vijiti vinne na cha tano kinachovikata vinatosha. Mwingine ahesabu watu wanaovuka kwa miguu, akiweka wanafunzi na wazee katika safu zao, na mwingine apime muda: mtu anafika ukingoni, saa inaanza kuhesabu, na inasimama anapopata nafasi ya kuvuka. Jedwali linaloonyesha kwamba mwanafunzi husubiri dakika nne kisha hukimbia lina nguvu kuliko kurasa tatu za malalamiko.

Kuhusu ajali, msitegemee kumbukumbu za polisi peke yake, kwa kuwa nyingi ndogondogo humalizwa palepale kwa maelewano. Waulizeni waendesha bodaboda wa kijiwe kilicho karibu, mama lishe na wenye vibanda, kwani wao wako pale kutwa nzima. Andikeni tarehe, saa, aina ya chombo na upande kilikotoka. Waliopata fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu wanaweza kukumbuka tarehe sawasawa, lakini msiambatanishe majina wala karatasi za hospitali za mtu yeyote.

Kabla ya kuandika barua, jiulizeni kama mataa ndiyo dawa ya mahali hapo. Penye magari machache yaendayo kasi, tuta lenye alama, kivuko kilichoinuliwa au kisiwa cha katikati ambapo mtu anaweza kupumzika kabla ya kuvuka nusu ya pili hufanya kazi nzuri zaidi, tena kwa gharama ndogo. Dar es Salaam yenyewe ina mfano: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliotunukiwa tuzo ya WRI Ross Center mwaka 2019, ulipunguza majeruhi kwenye maeneo ya shule kwa matuta, njia za miguu, alama na hata kuhamisha mageti ya shule. Sheria yetu inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, ilhali Azimio la Stockholm la mwaka 2020 linataka kilomita 30 mahali watu na magari wanapochanganyika. Kwa hiyo barua nzuri huomba kivuko salama, ikitaja mataa kama pendekezo la wakazi na kueleza sababu zake.

Mkishaamua kuomba mataa, ombeni na sekunde zake. Barabara ya njia nne ina upana wa mita 14 hivi. Mtu mzima mwenye afya anayetembea mita 1.2 kwa sekunde ataivuka kwa sekunde 12, lakini bibi mwenye fimbo anayekwenda mita 0.8 anahitaji takriban sekunde 18. Mataa yanayompa sekunde 10 yanamwacha katikati ya barabara huku magari yakiruhusiwa. Ombeni pia taa ya waenda kwa miguu yenye zamu yake wakati magari yanayokata kona yamezuiwa, muda mfupi ambao pande zote ni nyekundu ili aliyechelewa amalize, mlio kwa ajili ya wasioona, na chanzo cha akiba umeme unapokatika. Ulizeni itakuwaje trafiki anapoongoza magari kwa mkono, kwa maana saa za msongamano ishara yake ndiyo inayofuatwa, na mwenda kwa miguu husahaulika kwa urahisi.

Hoja hiyo ipelekwe kwanza kwenye mkutano wa mtaa, iingizwe kwenye muhtasari, kisha ipande hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ataibeba. Barua iwe ya ukurasa mmoja, iwe na kichwa cha "Yah:" kinachotaja makutano kwa jina linalojulikana na alama iliyo karibu, ipitie kwa mtendaji wa kata, na iambatane na majedwali, mchoro wa mkono na picha chache zilizopigwa saa za msongamano. Nakala ziende kwa Kikosi cha Usalama Barabarani cha wilaya, kwa mbunge, na kwa walimu wakuu wa shule za jirani. Ipelekeni kwa mkono masijala, mgongewe muhuri wa mapokezi kwenye nakala yenu, na muandike namba ya kumbukumbu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Barua inayofika Mei imechelewa, kwa hiyo lengeni Oktoba au Novemba. Ombi la barabara ya mkoa linaweza pia kufikishwa kwenye Bodi ya Barabara ya Mkoa, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa.

Wakati mnasubiri, ombeni yale yanayowezekana ndani ya wiki chache: rangi mpya ya kivuko, askari wa trafiki asubuhi, kuondolewa kwa bango linaloziba macho ya dereva. Msijenge tuta wenyewe. Tuta la kifusi lisilo na alama humwangusha mwendesha pikipiki usiku, na huyo naye ni mtoto wa mtu. Kuziba barabara kwa mawe baada ya msiba naelewa kunatoka kwenye uchungu gani, lakini huwaingiza vijana mahabusu na kuiacha hoja mikononi mwa polisi badala ya wahandisi.

Mataa yakishafungwa, rudini na saa katika wiki ya kwanza, asubuhi na usiku. Pimeni kijani cha waenda kwa miguu mara kumi, mkimwomba mzee mmoja avuke kwa mwendo wake huku kijana akitembea pembeni yake, na hesabuni bodaboda zinazopita kwenye nyekundu kwa saa nzima. Kama sekunde hazitoshi, andikeni tarehe, saa na vipimo vyote kumi, kisha mpeleke masijala barua ya pili inayotaja namba ya kumbukumbu ya ile ya kwanza.