Kufunga eshapema (bomba ya moshi) mpya ku gari ya Goma: angalia chini kwanza, sauti itafuata

Bandugu, kila mara kijana analeta gari ku garaji anasema "fundi, nataka eshapema ya kulia vizuri", mi namwambia lala kwanza chini ya gari uangalie. Barabara zetu, zaidi kule lava ya volkano ya 2002 ilipita, ziko na mawe makali na eshapema njo inakutana nayo ya kwanza, kwa hiyo nunua ile inapanda juu karibu na bodi, ata kama haingurumi sana.

Moteri ya 1.8 ao 2.0 isiyo na turbo, bomba ya inchi 2 mpaka 2 na robo inamutosha, ukiweka ya 3 utapata kelele, nguvu hapana. Ukienda kununua beba sumaku mu mfuko: inoksi (chuma isiyoshika kutu haraka) ya 304 haishiki sumaku, ao inashika kidogo tu pale imekunjwa, ikivutwa sana basi ni inoksi ya 409 ao chuma ya kawaida. 409 si mbaya, ila usilipe bei ya 304. Bomba ya maji ya galva (chuma yenye kupakwa zinki) usikubali kabisa, zinki ikichomwa inatoa moshi wa sumu na fundi anashinda na homa usiku. Katalizeri (ile sanduku ya kusafisha moshi) iache mahali yake, ndani kuna platini, paladi na rodi, mwenye kukuambia "toa hii haina kazi" huenda anataka kuiuza. Sisi tunabadilisha kuanzia nyuma yake tu.

Sasa kazi. Jioni ya mbele mwangia bulo (bolti) zote mafuta ya kulegeza kutu, ulale. Asubuhi gari ikiwa baridi, inua na kriki (jeki), weka shandele (miguu ya chuma ya kushikilia gari) chini, zuia magurudumu kwa mawe, usiingie kamwe chini ya gari yenye kushikwa na kriki peke yake. Fungua bulo, paka ile mipira ya kuninginiza maji ya sabuni na bomba ya zamani itateleza yenyewe. Kama mipira imepasuka weka mipya, bei yake ni ndogo.

Ingiza ya mpya yote bila kukaza, gasketi mpya kila kiungo, kisha uzungushe mpaka bomba iwe mbali na tanki, na mipira ya freni na bodi, vidole viwili kwa uchache, ju inatetemeka na inachoma. Hapo njo ukaze, kutoka mbele kuelekea nyuma, bulo mbili za flanji (ile sahani ya chuma ya kuunganisha bomba) kidogo kidogo kwa zamu. Ukikaza moja mpaka mwisho flanji inakaa upande. Kama kuna kuchomelea, ondoa kwanza waya ya batri.

Hapa sitaki mtu apite mbio. Mwaka moja nilifungiwa eshapema na fundi mwingine, tukaenda Sake vioo vimefungwa ju ya vumbi, tukafika mtoto analia kichwa na mimi natapika. Nikalala chini nikaona ku flanji mustari mweusi wa masizi, mwembamba kama uzi, moshi ulikuwa unatokea pale na kuingia ndani. Sisi batu wa Goma tunajua mazuku, ile gazi ya volkano yenye kuua mbuzi na batu mu mabonde bila kuiona. Monoksidi, gazi ya sumu mu moshi wa moteri, ni gazi ingine lakini na yenyewe haina rangi, haina harufu.

Kwa hiyo washa gari ikiwa ingali baridi, nje, si ndani ya garaji, mwenzako azibe mwisho wa bomba kidogo na kitambaa kizito, we upake maji ya sabuni kila kiungo. Povu likitoka, zima, fungua, safisha flanji, anza tena. Povu lisipotoka, acha moteri inguruma dakika 15, zima, ingoja ipoe, kaza tena. Kisha kilometa 100 hivi rudi chini na tochi utafute ule uzi mweusi.