Kiazi kinachojijaza maji: osimosisi kwa vitu vya soko la Majengo

Kila mwaka tukifika kwenye mada ya utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka seli, na osimosisi, yaani maji kuvuka utando huo kwenda upande wenye sukari au chumvi nyingi, yupo mwanafunzi atakayeandika: "Chumvi hunyonya maji." Naikata kwa wino mwekundu, mwaka unaofuata naikuta tena kwa mwandiko mwingine. Nimefundisha bayolojia hapa Dodoma muda mrefu, na maelezo ya ubaoni hayajawahi kuifuta sentensi hiyo. Viazi vitatu ndivyo vimenisaidia.

Maabara si lazima. Nenda Majengo asubuhi, uchague viazi mviringo vitatu vikubwa na vigumu. Vilivyosinyaa kwa jua letu hili usivichukue hata ukipunguziwa bei, kwa sababu vimeshapoteza maji na vitakuchelewesha. Ukikosa viazi, papai bichi linafaa. Nyumbani tafuta sahani tatu zenye kina, kisu, kijiko cha chai na sukari kidogo.

Kiazi kimoja kichemshe mpaka kiive, ila kisipasuke. Kikipoa, vikate vyote vitatu kidogo kwa chini ili visimame, kisha umenye nusu ya chini. Hapo pa kumenya usipadharau. Ganda la kiazi kazi yake ni kuzuia maji, na mwaka wangu wa kwanza kazini nililiacha. Kidato cha tatu kizima tulikaa tukikitazama kiazi kikavu kama watu waliofiwa.

Sasa chimba shimo kwa juu, kina cha sentimita mbili hivi, ukuta na sakafu vibaki na unene wa sentimita moja. Ukitoboa, chukua kingine, hakizibiki. Futa mashimo yawe makavu. Kiazi kibichi cha kwanza tia kijiko kimoja cha sukari. Kibichi cha pili kiache kitupu. Kilichochemshwa nacho tia kijiko kimoja cha sukari. Mimina maji kwenye sahani, yaloweshe sehemu iliyomenywa bila kufika kwenye ukingo wa shimo. Mimi hupanga baada ya chakula cha usiku, nikaangalia asubuhi.

Asubuhi kibichi chenye sukari utakikuta na maji shimoni, na ya sahanini yamepungua. Kitupu hakina kitu. Cha kuchemsha sukari yake imelowa tu, shimo halikujaa.

Hapo ndipo ninapomgeukia yule wa "chumvi hunyonya". Sukari si ilikuwamo kwenye viazi viwili? Mbona kimoja tu kimejaa? Sukari haina mdomo, wala chumvi haina. Kinachotembea ni maji yenyewe. Molekuli zake hazitulii, zinapita huku na huku kwenye utando muda wote. Upande wenye maji matupu zinazovuka ni nyingi; upande uliochanganyika na sukari zinazorudi ni chache. Tofauti hiyo ndiyo unayoiona shimoni. Sukari iliyeyuka kwenye unyevu wa seli za ukuta wa shimo, seli hizo zikapoteza maji, zikachukua kwa jirani zake, jirani wakachukua kwa wengine, mpaka zile zilizogusa sahani. Kwenye kiazi cha kuchemsha moto umeharibu tando. Sukari inavuja kwenda sahanini, na mlango uliokuwa unachagua haupo tena.

Utando wenyewe ni tabaka mbili za mafuta, unene wa nanomita saba au nane hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na protini zimepachikwa ndani. Oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya kwenye mafuta moja kwa moja, kutoka penye wingi kwenda penye uchache, kama harufu ya vitunguu vya jirani inavyokufikia. Maji hupenya humo polepole, lakini yana vijia vyake vya protini. Peter Agre wa Marekani aliyevigundua alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Kuna na pampu zinazokula nguvu ya seli ili kusukuma vitu kinyume: moja, iliyo kwenye seli za wanyama, hutoa chembe tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu, tena na tena. Hiyo kiazi hakikuonyeshi, itabidi uniamini.

Ukibakiwa na kiazi, kikate vijiti virefu vya unene mmoja. Vingine viloweke kwenye maji matupu, vingine kwenye nusu lita ya maji yenye vijiko vitatu vya chumvi. Baada ya saa moja au mbili vikunje. Vya maji matupu vitavunjika kwa mlio. Vya chumvi vitapinda kama ulimi wa kiatu. Mama muuza mchicha anayenyunyizia mafungu yake maji mchana kutwa anajua upande wa pili wa jambo hili bila kufundishwa na mtu.

Mimi niliyelisomea ndiye niliyelisahau shambani. Nina mizabibu michache Hombolo, na msimu mmoja niliirundikia mbolea ya urea shinani, udongo ukiwa mkavu. Ndani ya siku chache kingo za majani zikawa kahawia. Mzee wa shamba la jirani akaniambia, "Mwalimu, umeichoma." Mbolea haina moto, lakini maji ya udongoni yalikuwa makali kuliko yaliyomo kwenye mizizi, hivyo mizizi ilikuwa inatoa maji badala ya kuyapokea. Nikamwagilia kwa wingi siku mbili mfululizo ili mbolea ichujuke chini. Michache ilikufa, mingine ikachipua upya.

Viazi vya jaribio usivikaange. Vya kwangu huenda kwa kuku, isipokuwa vijiti vya chumvi.