Somo: Kulitazama gari la GT katika mbio za saa 24, kwa jicho la fundi wa breki

Kila Juni, Jumamosi moja, gereji yetu hapa Grogan, Nairobi, hufungwa mapema na vijana hubanana mbele ya simu moja kutazama mbio za saa 24 za Le Mans. Wengi macho yao hufuata magari ya Hypercar, kundi lenye kasi kuliko yote, yanayoongoza. Mimi hufuata GT, yaani magari ya mbio yaliyotokana na ya barabarani, ingawa yako nyuma karibu nusu dakika katika kila mzunguko wa kilomita 13.626. Gari la GT naweza kulielewa kwa mikono yangu. Fuata hatua hizi na wewe utalielewa.

Hatua ya 1: Panga usingizi. Mbio huanza saa kumi jioni huko Ufaransa, yaani saa kumi na moja kwetu, na humalizika saa hiyohiyo Jumapili. Giza la huko huingia kwetu ikikaribia saa tano usiku. Kama huwezi kukesha, lala jioni uamke saa nane, maana usiku wa manane ndipo magari huanza kuchoka.

Hatua ya 2: Chagua gari moja tu. Kundi la LMGT3, yaani magari ya GT yanayofuata kanuni za GT3, liliingia Le Mans mwaka 2024, na magari yake yote yana ndugu zao barabarani. Porsche 911 ina injini ya silinda sita ya lita 4.2 isiyo na turbo, Corvette ina V8 ya lita 5.5, BMW M4 ina lita 3 na turbo mbili. Ili yalingane, waandaaji huongeza uzito kwa huyu na kupunguza nguvu kwa yule. Kwa hiyo usitarajie moja kuyaacha mengine mbali kwa nguvu za injini. Tofauti hutafutwa kwingine.

Hatua ya 3: Tazama piti, pale magari yanaposimama kuhudumiwa, kuliko barabara. Gari likisimama, injini huzimwa. Mafuta huingia kwanza, magurudumu yakiwa bado chini. Hapo ndipo madereva hupokezana, na hapa naomba mtazame kwa makini. Anayetoka huchomoa mto wake wa kiti na kutoka nao. Anayeingia huja na wake, kwa sababu mmoja mrefu na mwingine mfupi, na kwenye mengi ya magari haya kiti hakisogei, husogezwa pedali. Kisha yule aliyetoka huinama mlangoni kumfunga mwenzake mikanda, kumchomekea waya wa redio na mrija wa maji ya kunywa. Dereva wa matatu akimpisha skwodi wake, yule wa kumpokea usukani, skwodi hurekebisha kioo tu na safari inaendelea. Hawa wamefanya mazoezi ya tendo hilo mara nyingi mno, na inaonekana.

Mafuta yakishajazwa, fundi huchomeka mpira wa hewa na gari zima huinuka kwa jeki zilizofichwa tumboni mwake. Kila gurudumu lina nati moja tu, katikati. Gari zima limechorwa na mtu aliyekuwa anamfikiria fundi, na ndiyo sababu nalipenda.

Hatua ya 4: Angalia diski za breki usiku. Diski za GT3 ni za chuma, na dereva akikanyaga breki kutoka zaidi ya kilomita 250 kwa saa, huwaka nyekundu ndani ya rimu. Joto ndilo adui. Niliwahi kuuziwa padi bandia za breki na duka moja hapa mjini, nikazifunga kwenye gari langu mwenyewe, na nikiteremka Mai Mahiu pedali ikawa ngumu kama jiwe na gari halipungui. Nilipozifungua, uso wa padi ulikuwa unang'aa kama kigae. Tangu siku hiyo, nikiona GT inafunga breki saa ishirini baadaye mahali palepale ilipofunga mwanzoni, namheshimu aliyeichagua ile padi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Kayole: Fundi, Ferrari 296 ya barabarani ni haibridi. Hii ya mbio nayo?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Kanuni za GT3 haziruhusu, kwa hiyo mota ya umeme imetolewa ikabaki V6 ya turbo peke yake.

Kutoka Ruaka: Kaka, dereva mmoja anaruhusiwa kuendesha muda gani?
Jibu: Dada, si zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6 zozote, na si zaidi ya saa 14 kwa jumla. Kila gari lina madereva watatu, na katika LMGT3 mmoja lazima awe wa daraja la shaba, yaani si mtu wa kulipwa kwa kuendesha. Mtazame huyo hasa mvua ikinyesha.

Kutoka Umoja: GT imewahi kushinda mbio nzima?
Jibu: Ndiyo. Mwaka 1995, McLaren F1 GTR yenye V12 ya BMW iliyashinda magari mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya mbio tu. Mvua ilinyesha kwa saa nyingi, na mmoja wa madereva wake, JJ Lehto, aliendesha usiku kwa kasi iliyowaacha wengine midomo wazi. Sisi nasi tuna wetu aliyeshinda kwa gari la barabarani: Joginder Singh, Simba wa Utelezi, alishinda Safari Rally ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika.

Kutoka Pipeline: Bando langu ni dogo, mkubwa. Nitafuataje?
Jibu: Fungua ukurasa wa muda wa kila gari, ni maandishi tu, haumalizi bando. GT huzunguka kwa takriban dakika nne. Ukiona gari lako limepitisha dakika tano, liko piti au lina shida. Hapo ndipo ufungue video.