Rangi za waya zikikuchanganya: namna ya kubadilisha swichi ya taa kwa usalama

Wakuu, nyumba zetu nyingi zimeshapita mikononi mwa mafundi watatu wanne, wa kwanza kavuta waya nyumba nzima, wa pili kaongeza soketi ya friji, wa tatu kaja kufunga feni akatumia waya uliobaki saiti nyingine, sasa wewe unafungua boksi la swichi unakuta nyekundu, nyeusi, bluu na kahawia zote humo humo. Usianze kubahatisha. Rangi ichukue kama fununu tu, ukweli utaupata kwa kupima.

Mfumo wa zamani tuliorithi kwa Waingereza nyekundu ni moto (waya unaoleta umeme), nyeusi ni nyutro (unaourudisha), kijani ni ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini). Mpya ni kahawia moto, bluu nyutro, na kijani chenye njano ndo ethi, Uingereza kwenyewe walianza kuhamia huko 2004. Balaa liko kwenye nyeusi na bluu, kwa sababu kwenye umeme wa fezi tatu wa zamani bluu ilikuwa fezi, yaani moto, na kwenye mfumo mpya nyeusi nayo ni fezi. Yaani bluu hiyo hiyo nyumba hii ni nyutro, nyumba ya jirani ni moto.

Na hata nyumba ambayo rangi hazijachanganywa, swichi ina mtego wake. Swichi ya kawaida ya taa mara nyingi imeshushiwa nyekundu na nyeusi, nyekundu inaleta moto, nyeusi inaurudisha kwenye taa. Hiyo nyeusi sio nyutro hata kidogo, ukiwasha swichi inabeba 230V kama mwenzake. Ndo maana mtu anabadilisha taa, anakuta nyeusi tatu darini, anazikusanya zote pamoja, akigusa swichi breka inadondoka na cheche juu. Ukikuta nyeusi moja imekaa peke yake au imezungushiwa tepu nyekundu, ujue fundi aliyetangulia alikuwa anakuonya, iache hivyo hivyo.

Kabla ya kufungua chochote zima meni swichi kabisa, sio breka moja tu, maana kuna nyumba taa ya sebuleni inatumia nyutro ya chumbani na hujui. Halafu pima, na hapa naomba mnielewe vizuri: gusisha testa kwanza kwenye soketi unayojua ina umeme kabla hujazima, kisha zima na upime waya zako zote, kisha irudishe kwenye chanzo kingine unachojua kina umeme uhakikishe testa bado inafanya kazi. Testa mbovu haiwaki, na waya usio na umeme nao hauwaki, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Kwetu kuna kingine, umeme unaweza kuwa umekatika au yuniti za LUKU zimeisha wewe ukadhani umezima, ukarudi ghafla mkono ukiwa ndani ya boksi. Kama kuna inveta, sola au jenereta vizime na vyenyewe.

Ukishahakikisha, piga picha kwa simu kabla ya kulegeza skrubu hata moja, na kila waya ubandike kipande cha tepu uandike ulikuwa tundu gani. Kwa swichi ya njia mbili, ile ya ngazi au korido, hili ni lazima. Ina matundu matatu, COM, L1 na L2, na waya wa COM ndo wa muhimu, hizo mbili zingine ukizibadilishana hakuna shida. Ukimpoteza COM taa itawaka kwa swichi moja tu pale nyingine ikiwa upande fulani, watu wanahangaika hapo siku nzima wanadhani swichi mpya ni feki, kumbe ni waya mmoja umekaa tundu sio lake.

Kwa maltimita, umeme ukiwa umewashwa, moto na nyutro utasoma kama 230, moto na ethi hivyo hivyo, nyutro na ethi karibu na sifuri. Ukisoma 60 au 90 kwenye waya ambao haujafungwa popote, mara nyingi ni umeme unaoambukizwa na waya uliolala pembeni yake, ila usiuchukulie poa mpaka umethibitisha. Taa ya LED inayomulika kidogo usiku wakati umeizima inaweza kuwa hiyo hiyo, au fundi kaweka swichi kwenye nyutro badala ya moto, na hiyo ya pili ni hatari kwa sababu swichi iko ofu lakini holda bado ina moto, anayebadilisha balbu anapigwa.

Breka ikidondoka kila mara usiweke kubwa zaidi. Waya wa taa wa 1.5 (milimita za mraba) ukiufungia breka ya 32A, utaungua ukutani kabla breka haijashtuka. Na sili ya mita usiiguse. Ukikuta waya umebabuka, hita ya bafuni inakupiga kidogo kidogo, au moto na ethi hazifiki kwenye 230 wakati moto na nyutro ziko sawa, funga boksi, acha meni ofu, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji Tanzania, na umwambie aanze na ethi.