Jinsi ya Kutambua Video Iliyopigwa kwa Kamera Nyingi, na Kuijaribu Mbinu Hiyo kwa Simu

Wateja wengi wa video za muziki na matangazo hapa Nairobi humjia mpiga video wakiwa na kipande kwenye simu: mchezaji ameruka, ameganda hewani, na mtazamo unamzunguka kutoka bega moja hadi jingine. Ombi lao huwa fupi, kwamba wanataka kitu kama hicho. Tatizo ni kwamba madoido ya namna hiyo hutengenezwa kwa njia tatu au nne ambazo hufanana kwa mtu anayetazama harakaharaka lakini hutofautiana mno kwa gharama, na kwa uzoefu wangu, vipande vingi vinavyodhaniwa kuwa vya kamera nyingi vilipigwa kwa kamera moja tu. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kukichambua kipande, kisha jinsi ya kuijaribu mbinu yenyewe kwa simu za kuazima.

Hatua ya 1: Itazame video fremu kwa fremu

Omba faili yenyewe au kiungo chake, kwa sababu nakala iliyopitia WhatsApp hubanwa hadi ushahidi ukapotea. Ukiifungua kwa programu ya VLC, kila unapobonyeza herufi E inasogea mbele fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazounda video. YouTube kwenye kompyuta, simamisha video, kisha bonyeza nukta kwenda mbele na koma kurudi nyuma. Ukikuta fremu pacha usizihesabu kuwa dalili ya lolote, kwani video ya fremu 24 kwa sekunde ikigeuzwa kuwa ya fremu 30, moja katika kila fremu tano huwa ni marudio.

Hatua ya 2: Amua kama muda umesimama kweli

Tazama vitu ambavyo binadamu hawezi kuvizuia: matone ya maji, vumbi, pindo la gauni, mpira ulio hewani. Vikiwa vimetulia tuli huku mtazamo unasogea, muda umesimama kweli. Ikiwa watu wametulia lakini pazia linapepea au moshi unapanda, basi waliambiwa wasijitikise na kamera moja ikapita katikati yao, kama zilivyokuwa video zilizoenea mitandaoni mwishoni mwa mwaka 2016. Matone yakiendelea kuanguka polepole sana, una mambo mawili ya kuchagua: ama kamera moja ya kasi ya juu iliyobebwa na reli au mkono wa roboti, ama kamera nyingi zilizofyatuliwa moja baada ya nyingine badala ya zote kwa pamoja.

Hiyo mbinu ya kufyatua kwa zamu ni kongwe kuliko sinema. Mwaka 1878, Eadweard Muybridge alipanga safu ya kamera 12 kule Palo Alto, Marekani, na farasi aliyekimbia mbele yake akawa anazifyatua mwenyewe kwa kukata nyuzi njiani. Katika filamu ya The Matrix ya mwaka 1999, kamera za picha mgando zipatazo 120 zilipangwa kumzunguka mwigizaji na kufyatuliwa kwa kupishana kidogo sana, ndiyo sababu mwili wake unaendelea kusogea taratibu badala ya kuganda kabisa.

Hatua ya 3: Soma mandhari ya nyuma

Hapa ndipo penye siri nyingi, na ndipo wengi hupapita. Chagua vitu viwili vilivyosimama wima, kimoja karibu na kingine mbali; kwa mfano nguzo ya stima na ukingo wa ghorofa ulio nyuma yake. Linganisha fremu ya kwanza na ya mwisho ya kipande kilichoganda. Nguzo ikiwa imehama mbele ya ghorofa, mtazamo ulisogea kweli. Picha nzima ikiwa imekua au kuhama kwa pamoja, hiyo ni picha moja iliyovutwa wakati wa kuhariri, na hakuna kamera ya pili.

Upo udanganyifu wa katikati, ambapo mtu amekatwa kutoka kwenye picha moja na kuwekwa kama tabaka juu ya mandhari, hivyo anahama mbele ya jengo ingawa kamera haikuhama. Mtazame sikio. Sikio lililofichwa na shavu mwanzoni likijitokeza baadaye, kuna kamera iliyokuwa upande ule. Uso ukibaki na upande uleule kutoka mwanzo hadi mwisho, umekatwa.

Hatua ya 4: Tafuta alama za safu, kisha uhesabu kamera

Kamera moja inayozunguka kwa kasi huacha mandhari ikiwa na ukungu wa mwendo. Kamera za safu zimesimama kila moja mahali pake, kwa hiyo kila fremu ni safi hata mtazamo ukipita kama umeme. Dalili nyingine ni mwanga au rangi inayorukaruka kati ya fremu na fremu, na upeo wa macho unaotikisika kidogo.

Muhimu zaidi ni fremu za kubuni. Kamera zikiwa chache, programu hutunga fremu za kujaza pengo kati ya kamera mbili, na kazi hiyo huacha makovu: vidole vinayeyuka, kingo za mikono zinapinda, nywele zilizosukwa zinaonekana mara mbili. Fremu hizo huja katikati ya fremu safi, na fremu safi ndizo kamera halisi. Zihesabu. Ikiwa mgando ni wa sekunde mbili kwa fremu 25 kila sekunde, na kila fremu ya nne ni safi, kamera zilikuwa takriban 13.

Hatua ya 5: Panga safu yako

Tuseme una simu 12, ikiwezekana za aina moja. Pigilia msumari mahali atakaposimama mhusika, ufunge kamba ya mita 3 na uchore nayo tao la digrii 60. Tao hilo lina urefu wa takriban mita 3.14, na nafasi 11 kati ya simu zitakuwa za sentimita 28.5 kila moja. Fundi wa jua kali wa Kamukunji anaweza kukukunjia bomba la chuma kwa mkunjo huo. Vishikio vya simu vinapatikana Luthuli Avenue. Usikaribie nusu duara, kwani simu zitaanza kuonekana kwenye picha za simu za upande wa pili.

Ning'iniza timazi (uzi wenye uzito mwishoni) pale pale juu ya msumari, uweke shanga nyekundu kwenye uzi wake usawa wa kifua, na uhakikishe shanga iko katikati ya kioo cha kila simu. Rekodi timazi kwa sekunde chache kabla ya kuiondoa, utaihitaji. Funga mwangaza, fokasi na rangi kwenye kila simu, zisijirekebishe zenyewe.

Rekodi kwa fremu 120 kwa sekunde. Simu hazifyatui pamoja, na hata ukizilinganisha na simu moja ya msingi, kila moja inaweza kupishana nayo kwa nusu fremu. Kwa fremu 30, kitu kinachoanguka kwa mita 3 kwa sekunde kitakuwa kimehama sentimita 5 ndani ya pishano hilo. Kwa fremu 120 ni sentimita 1.25 tu. Mhusika apige makofi akiwa katikati ya tao, nawe utafute kwenye video ya kila simu fremu ambayo viganja vinakutana, iwe alama ya kuzilinganisha.

Piga nje. Stima yetu ni ya hezi 50, taa nyingi humeta mara 100 kwa sekunde, na fremu 120 zitaunasa umemetaji huo. Mawingu ya Julai, ambayo wapiga picha wa harusi huyalalamikia, yanafaa sana kazi hii kwa sababu mwanga huwa sawa kwa simu zote.

Hatua ya 6: Unganisha

Toa fremu moja kutoka kila simu kwa mpangilio, kuanzia ya 1 hadi ya 12. Kwa kutumia picha za timazi, sogeza, zungusha na ukuze kila fremu mpaka shanga ikae mahali pamoja na uzi usimame wima. Kisha linganisha rangi. Weka video ya simu ya 1 kabla ya mgando na ya simu ya 12 baada yake, ili mwendo uingie na kutoka bila kukatika.

Video ikiwa ya fremu 25 kwa sekunde, fremu 12 zitapita chini ya nusu sekunde. Kuzirefusha hadi sekunde mbili ndani ya DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, kutahitaji fremu 38 za kubuni, na zitaharibika kwanza pale mkono unapopita mbele ya mwili. Mwelekeze mhusika aruke mikono ikiwa mbali na kiwiliwili. Zikiendelea kuyeyuka, fupisha mgando uwe sekunde moja. Fremu za kubuni zitabaki 13.