Kuwasha na kutawala moto wa makala ndani ya kamado, Lubumbashi

Anayetoka kwenye mbabula, jiko la kawaida la makala, huunguza nyama yake ya kwanza ya kamado, jiko nene la udongo lenye kifuniko, kwa sababu anaukimbilia moto. Mbabula iko wazi. Makala yakilala, unapepea. Kamado ina kuta za udongo wa kuchoma zenye unene wa sentimita 2 au 3, na moto wake unatii hewa tu: ile inayoingia kwa mlango wa chini na ile inayotoka kwa tundu la juu. Kuta zikishashika joto, haziliachi upesi. Ndiyo maana moto huzuiwa ukiwa bado unapanda.

1. Makala

Makala ya miombo yanayoingia mjini kwa baiskeli na malori yanaifaa sana kamado: ni mazito, yanadumu. Shida iko kwenye gunia. Juu utakuta vipande vizuri, chini vumbi. Vumbi hilo lisiingie hata kiganja kimoja, maana linaziba matundu ya wavu wa chini, na moto unakufa huku makala yakiwa tele.

Gonganisha vipande viwili. Vikitoa mlio mkali, vimeiva na vimekauka. Mlio ukiwa mzito, vina maji au mti haukuiva tanurini. Kipande chenye rangi ya kahawia kitoe. Kitafuka moshi mchungu mpaka mwisho. Wakati wa mvua, Novemba hadi Machi, anika makala juani siku nzima. Yenye unyevu hupasuka na kurusha cheche, na joto la mwanzo lote linaishia kukausha maji.

2. Kupanga

Toa majivu ya zamani, kisha chokoa kila tundu la wavu wa chini kwa waya. Vipande vya ukubwa wa ngumi vikae chini, vya kati juu yake, vidogo vijaze mapengo. Kwa kamado yenye wavu wa kuchomea wa sentimita 46, kilo 1.5 zinatosha michopo (nyama ya kuchoma); bega la mbuzi la saa sita linataka kilo 3. Usiogope kuzidisha kidogo, kwani yatakayobaki utayatumia tena.

3. Kuwasha

Washa nje, kwenye lupangu, mbali na ukuta wa mbao na kamba ya nguo. Usiwashe ndani ya nyumba wala kwenye barza iliyozibwa: hewa ya sumu ya makala haina harufu, na inaua.

Petroli, mafuta ya taa na mifuko ya plastiki viache kabisa. Udongo wa kamado unakunywa harufu yake na kuirudisha kwenye nyama ya siku zijazo. Chana kipande cha trei ya karatasi ya mayai, kiloweshe kwa mafuta ya kula, kifukie nusu kati ya makala, kisha kiwashe. Kwa kuchoma polepole, sehemu moja katikati. Kwa michopo, sehemu tatu. Mlango wa chini uwe wazi wote, kifuniko pia, kwa dakika 10 hadi 15, bila kupepea. Ukikiacha wazi nusu saa, makala yote yatashika, na nyuzi 110 itakuwa kazi kubwa kuipata.

4. Kushika joto

Kama nyama haitakiwi kuona moto moja kwa moja, weka bamba la udongo sasa, na sinia ya mafuta juu yake. Funga kifuniko, acha hewa zote mbili wazi, na uangalie kipimajoto. Kikibakiza nyuzi 30 kufikia unapotaka, anza kubana:

- Nyuzi 110 hadi 120: chini kama sentimita 1, juu upenyo mdogo tu.
- Nyuzi 180: chini sentimita 2 au 3, juu robo.
- Nyuzi 220, kwa michopo: chini nusu, juu nusu.

Hizi ni za kuanzia, kwani kila kamado ina tabia yake. Halafu Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko pwani. Alama za kijitabu cha kiwanda huenda zikatoa moto mdogo kidogo, basi fungua zaidi kwa unene wa kidole. Baada ya kila badiliko subiri dakika 15. Kugusagusa kila dakika mbili ndiko kunakoyumbisha moto.

Kipimajoto chenyewe kijaribu ndani ya maji yanayochemka. Hapa kwetu kinapaswa kusoma nyuzi 96 hivi. Kikionyesha 100, kinazidisha.

Nyama isiingie kabla moshi mweupe mzito haujaisha. Subiri moshi mwembamba, karibu usioonekana, hata kama wageni wameshaketi na bukari iko mezani.

5. Moto ukikutoroka

Umetaka 115, umefika 150. Usifungue kifuniko kuupoza: hewa mpya ni chakula chake. Bana chini na juu karibu kabisa, ngoja hata saa nzima. Joto likigoma kushuka, tazama kama moshi unatoka kwenye ukingo wa kifuniko. Jointi, yaani utepe unaoziba ukingo huo, imekwisha au bawaba zimelegea.

Kifuniko cha kamado yenye moto mkali kinyanyue kwanza sentimita 5, uhesabu hadi tano, kisha ukifungue. Ukikirusha ghafla, miali itakurukia usoni.

6. Kuzima

Funga chini, kisha juu. Usimwage maji kamwe, udongo utapasuka. Moto utakufa kwa kukosa hewa, lakini kuta zitakaa na joto saa nyingi, kwa hiyo turubai ingoje mpaka kesho. Siku ya kuwasha tena, koroga makala yaliyobaki ili majivu yaanguke, uyachanganye na mapya. Yakiwa peke yake yataisha mapema.